Sentimita Arobaini

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa pili, Kisima Namba Nne hakikupimwa. Kwa miaka thelathini na moja hakikuwahi kurukwa hata mwezi mmoja, iwe mvua, iwe homa, iwe sikukuu. Siku hiyo kilirukwa kwa sababu mpimaji wake aliketi kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akavaa buti la mguu wa kulia, akalishika la kushoto, kisha akaegemea fremu ya mlango kama mtu aliyekumbuka jambo.

Mkewe alikuwa ndani akitafuta kalamu.

"Umeiona ile ya bluu?" aliuliza kwa sauti. "Ile isiyovuja?"

Hakujibiwa, na hilo halikumtia wasiwasi. Mumewe alikuwa na tabia ya kulitafakari swali kwanza, hata likiwa la kalamu. Alipotoka na kalamu mkononi na daftari kubwa kwapani, chai ilikuwa bado inafuka mvuke juu ya ndoo iliyopinduliwa, na mwenye chai alikuwa ameshakwenda zake. Alimwita mara tatu. Mara ya tatu hakumwita ili aitikie. Alipiga magoti akamvua lile buti moja, maana aliona si vizuri watu waje wamkute hivyo, mguu mmoja kazini na mwingine nyumbani. Ndipo akapiga kelele, majirani wakaja.

Marehemu alikuwa mtafiti wa maji ya chini ya ardhi. Mtaani hawakuweza kulibeba jina refu namna hiyo, wakamwita Mzee Tepu, kwa sababu ya tepu ya chuma ya mita hamsini aliyoitundika begani kama mkoba. Mkewe walimwita Fundi, kwa kuwa alikuwa fundi cherehani, na mumewe naye alimwita hivyo hivyo, hata alipokuwa akimbembeleza.

Kisima Namba Nne hakikuwa kisima cha kuchota. Kilikuwa bomba jembamba la chuma lililozamishwa ardhini nyuma ya ghala kuukuu, pembeni mwa bonde linaloupa mji maji, na mdomo wake ulifunikwa kwa kifuniko chenye kufuli. Bondeni kulikuwa na mabomba kumi na mawili ya aina hiyo. Mengine yalipimwa na watu mbalimbali, lakini Namba Nne mtafiti alikipima kwa mkono wake tangu siku ya kwanza, na alikiita shahidi wake. Kwenye ncha ya tepu alifunga kipande cha shaba chenye tundu kwa chini, mfano wa kikombe kidogo kilichopinduliwa. Aliishusha tepu polepole, goti moja chini, sikio mdomoni mwa bomba. Kikombe kilipogusa maji kule chini kililia: pwa! Sauti ndogo, kama ya mtu anayebandua midomo. Hapo aliibana tepu kwa kidole pale pale kwenye ukingo wa bomba, akaisoma namba, akaitamka. Aliyesimama nyuma yake aliiandika. Namba ikiwa kubwa, maji yamekwenda chini zaidi. Ikiwa ndogo, maji yamepanda. Basi. Hiyo ndiyo kazi iliyokula miaka yake.

"Mtu mzima na digrii zake anasikiliza shimo," wenzake walimtania alipoanza.

Mkuu wake wa kwanza alimwambia kwamba miezi sita ya kupima inatosha, kwani maji ya chini hayana haraka.

"Ndiyo maana, mkuu," alijibu. "Hayana haraka. Ukiyapima miezi sita ni kama umemwona mtu akipepesa jicho mara moja, ukaenda kutangaza kwamba umemjua tabia."

Mwaka wa pili msaidizi wake alihamishwa. Wakati huo Fundi alikuwa bado si mkewe, alikuwa tu mwanamke mwenye cherehani kwenye kibaraza cha duka la vitambaa. Mtafiti alikwenda kupunguziwa suruali. Akamwona anavyopima na kuandika bila kurudia.

"Wewe huwa unakosea?" alimuuliza.

"Mkono mfupi nimeshawahi kutoa. Kiuno, bado. Simama wima, unanipindishia namba."

"Unaweza kuandika namba za kitu kisichovaa nguo?"

"Kama hakitakuja kulalamika kwamba kimebanwa, naweza."

Ndivyo alivyoanza kufuatana naye kisimani, na mwaka uliofuata wakaoana siku ya Jumamosi, ili Jumatatu isiguswe.

Mwaka wa kumi na tatu tepu ilinasa kwenye kiungo cha bomba, ikakatika. Ncha na kikombe chake waliviopoa kwa ndoano, lakini sentimita arobaini za mwanzo zilikuwa zimekunjamana, hazifai tena. Mtafiti aliandika barua ya kuomba tepu mpya. Akajibiwa kwamba ombi limepokelewa. Jioni hiyo alikaa mezani ameshika tama.

"Si ukifunge kikombe hapo hapo ilipokatikia?" Fundi alimwambia, huku akipinda upindo wa gauni la mtu. "Futi yangu hii imeliwa inchi mbili tangu nikiwa najifunza. Napima, natoa mbili, maisha yanaendelea."

Alimkodolea macho kana kwamba amefunuliwa siri ya dunia. "Kwa hiyo natoa arobaini."

"Wewe usitoe kitu. Wewe piga magoti, soma kama ilivyo. Kutoa niachie mimi. Ukiinama damu inakushukia kichwani, utakuja kutoa hamsini."

Walicheka, na ukawa utaratibu wao. Yeye alisoma namba kama tepu ilivyosema. Fundi alitoa arobaini kichwani, akaandika kina halisi kwenye daftari kubwa. Hawakuuandika utaratibu huo popote. Nani anaandika mambo ya nyumbani kwake?

Mwaka wa kumi na sita mama yake Fundi aliugua. Fundi alikwenda kumuuguza, akakaa miezi minne, akarudi akiwa ameshamzika. Katika miezi hiyo mtafiti alikwenda kisimani peke yake: akasoma mwenyewe, akatoa mwenyewe, akaandika mwenyewe. Jumatatu ya kwanza baada ya Fundi kurudi walikwenda wote wawili. Hawakuzungumza juu ya arobaini. Kulikuwa na mambo mengine ya kuzungumza, na mengi zaidi ya kunyamazia. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha wiki mbili mfululizo na njia nzima ilikuwa tope. Kikombe kikalia, mtafiti akaitamka namba, Fundi akaandika.

Waliporudi nyumbani alilifungua daftari akalinganisha na mwezi uliopita. Mwezi uliopita, kwa mkono wake mwenyewe: 24.71. Mwezi huu, kwa mkono wa mkewe: 24.23.

"Fundi! Yamepanda! Sentimita arobaini na nane!"

"Si mvua hiyo," alisema Fundi, ameinamia beseni, akiosha tope kwenye viatu. "Ardhi ilikuwa na kiu."

Kwa namba hizo mtafiti aliandika makala iliyompa jina. Ilisema kwamba bonde lile likipata msimu mmoja wa mvua nzuri hujirudishia maji lililoyapoteza kwa miaka mitatu. Makala hiyo ilisomwa mbali. Alialikwa kuzungumza kwenye kumbi ambazo ilimbidi Fundi amshonee koti la kuingilia. Akapandishwa cheo, akapewa wanafunzi. Mmoja wao, binti mwenye kicheko cha kusikika korido nzima, aliandika tasnifu yake ya uzamivu juu ya makala hiyo, na miaka ilivyokwenda akawa mkuu wa idara. Hata alipokuwa bosi wake, mtafiti aliendelea kumwita Mwanafunzi, naye aliendelea kuitika.

Mabomba mengine yalipimwa mara moja kwa mwaka; kingine kilichopimwa kila mwezi kilikuwa kimoja tu, nacho hakikukubaliana naye. Namba Saba, kilichopimwa na mlinzi wa shamba la majaribio kwa tepu nyingine kabisa, kilionyesha kwamba maji yamepanda kidogo tu. "Huyo ni mkaidi," mtafiti alisema. "Amekaa juu ya udongo wa mfinyanzi, mvua haimfikii upesi." Akaandika hivyo. Na tepu mpya ilipokuja, miaka mitatu na miezi miwili baadaye, maji ya Namba Nne yalionekana kushuka ghafla. Mwaka huo ulikuwa wa ukame mkali, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa.

*

Siku ya maziko, mdogo wa marehemu, mwalimu mstaafu, alisimama kusema maneno machache, na kwa mara ya kwanza maishani mwake kweli yalikuwa machache.

"Kaka yangu alituonyesha kwamba maji hurudi," alisema. Akaketi.

Baada ya wiki mbili Mwanafunzi alikuja nyumbani. Kicheko chake alikiacha getini. Alikaa kwenye kiti cha wateja, karibu na cherehani, akashika mikono ya Fundi kwa muda mrefu kabla ya kusema lililomleta.

"Mama, mamlaka ya maji wanataka kuchimba visima virefu kumi na kimoja bondeni. Mji umekua, mabomba yanakohoa, wewe mwenyewe unajua."

"Langu halikohoi hata. Limekata kauli."

"Basi hesabu zao zote zimesimama juu ya makala ya mzee. Kwamba tukivuta sana, mvua moja nzuri itarudisha. Kikao cha uamuzi ni wiki tatu zijazo, na wanataka madaftari yenyewe, ya mkono, yaambatishwe. Ni heshima yake, mama. Nikuombe tu uyapange kwa miaka."

Fundi alikubali. Aliyatoa kabatini, madaftari makubwa thelathini na moja, akayapanga sakafuni. Nyuma ya pale yalipokuwa, ndani ya boksi la viatu, alikuta vijitabu vya mfukoni. Hivyo vilikuwa vya marehemu peke yake. Aliviandika pale kisimani, kabla ya kufunga kufuli, na Fundi hakuwahi kuvisoma, kama ambavyo yeye hakuwahi kufungua mkoba wa Fundi.

Alianza kuvisoma kwa ajili ya mwandiko, si kwa ajili ya namba. *Mbwa wa ghalani amezaa, sita. Fundi ana mafua na hakubali. Njia imeharibika, tumezunguka.* Alicheka peke yake mara mbili. Alipofika mwaka wa kumi na sita alipunguza mwendo. *Fundi hayupo. Shimo linalia vilevile, ila sina wa kumwambia.* Akapangusa macho kwa upindo wa khanga, akafungua ukurasa uliofuata.

*Fundi amerudi. Hasemi kitu. Tepu 25.03. Leo nimetoa mwenyewe, nisimpe kazi. Nimemwambia 24.63.*

Aliusoma tena. Halafu akalivuta daftari kubwa la mwaka huo, akatafuta tarehe. 24.23. Mwandiko ulikuwa wake, nne zake zenye mkia.

Mumewe alitoa arobaini kwa kumhurumia. Naye, kwa kuwa hakuna aliyemwambia, alitoa arobaini nyingine. Na nyumbani mumewe alilitazama daftari tu; kijitabu hakukilinganisha nalo kamwe. Mwezi uliofuata kijitabu kilisema vivyo hivyo, na uliofuata tena. Huruma ya siku moja ilikuwa imegeuka mazoea, mwanamume yule akawa anasoma, anatoa, anatamka, na mkewe nyuma yake anatoa tena, wote wawili wakiaminiana kabisa, hadi siku tepu mpya ilipoletwa na pakawa hapana tena cha kutoa.

Kutoka 24.71 hadi 24.63. Alihesabu kwa vidole, ingawa hakuhitaji vidole. Maji yalipanda sentimita nane.

*

Shemeji yake alikuwa akija kila siku alasiri, kumtazama.

"Shemeji, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Mwalimu, nimekwambia nimekula. Kaa hapa, soma hii. Halafu soma hii."

Alisoma. Alivua miwani, akaifuta, akasoma tena kana kwamba kosa lilikuwa la miwani. Fundi alimweleza habari ya arobaini tangu mwanzo. Alipomaliza, shemeji aligeuza kijitabu akatazama jalada lake.

"Nani mwingine amekiona hiki kijitabu?"

"Mimi na wewe."

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi kirudishe kwenye boksi lake. Shemeji, nisikilize. Mtu hana hata mwezi ardhini. Ameacha nini? Hakuacha ghorofa, hakuacha gari, ameacha jina. Hilo jina ndilo unataka kwenda kulianika mbele za watu?"

"Kosa ni langu pia. Wataniona mimi."

"Watakuona wewe, watamcheka yeye. Profesa mzima, kumbe hesabu zake zilikuwa zinapigwa na mkewe kichwani! Unawajua wale. Na mtaa huu je? Watu wanasubiri visima hivyo kama nini. Hata mimi nasubiri. Nimechoka kuoga kwa kopo."

"Na bonde likikauka?"

"Litakauka lini? Mimi na wewe tutakuwa tumeshamfuata."

Fundi alikunja kijitabu, akakiweka mapajani. "Angekuwa hai ungemwambia afiche?"

"Angekuwa hai ningemwambia, ndiyo. Ni kaka yangu."

"Naye?"

Shemeji alitazama dirishani. "Angenifukuza," alisema. "Na kiatu angenirushia." Alisimama bila kumaliza chai. Mlangoni aligeuka. "Lakini hayuko hai, shemeji. Ndiyo tofauti yenyewe."

Siku mbili Fundi hakushona. Siku ya tatu alimpima mteja kifua, akaandika, akafuta, akapima upya, akafuta, hadi mteja akamuuliza kama yuko sawa. Alimwomba aje wiki ijayo. Haikuwa aibu peke yake. Kwa miaka thelathini alikuwa amejiambia kwamba ana sehemu katika kazi ile, hata kama jina lake halikuandikwa popote. Sasa aliona sehemu aliyokuwa nayo. Kumsafisha mumewe asingeweza bila kudanganya, na kusema kweli asingeweza bila kuigusa ile kazi ambayo watu wote walimjua kwayo. Laiti angalikuwepo amuulize. Angelitafakari swali hilo asubuhi nzima.

Alasiri ya siku hiyo alikaa mezani na madaftari. Alifuatilia mwezi kwa mwezi, kijitabu upande huu, daftari kubwa upande ule, na kwenye karatasi ya kukatia mitindo akaandika namba tatu kila mstari: iliyosomwa, iliyotamkwa, iliyoandikwa. Ilikuwa miezi thelathini na minane. Ilimchukua siku tatu. Alipomaliza aliikunja karatasi, akaiweka ndani ya mfuko wa kitambaa pamoja na kijitabu, akapanda basi kwenda kwenye taasisi aliyofanyia kazi marehemu.

*

Korido ya ghorofa ya pili ilikuwa na harufu ile ile ya udongo mbichi, kwa sababu ya sampuli zilizopangwa kwenye trei ukutani. Mlango wa chumba cha marehemu ulikuwa umefungwa. Fundi aliupita bila kugeuka. Mwanafunzi alimpokea, akamvutia kiti, akaanza kumwagiza mtu chai.

"Achana na chai, mwanangu. Funga mlango."

Alimweleza. Mwanafunzi alisikiliza huku kidole chake kikishuka kwenye ile karatasi, mstari baada ya mstari. Kilipofika chini alikiacha hapo hapo.

"Mama," alisema, "tasnifu yangu imesimama juu ya hiyo arobaini na nane."

"Najua."

"Sura tatu. Na makala zangu mbili. Na cheo hiki nilichokalia."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza, sikwenda kwingine."

Mwanafunzi aliinuka, akatoka. Fundi alibaki akitazama ramani ya bonde ukutani, visima kumi na viwili vimetiwa vidoti vyekundu. Alifikiri labda binti amekwenda kulia, au kumpigia mtu simu. Lakini alirudi na vumbi kwenye nywele, amebeba ile tepu kuukuu kutoka stoo na faili moja la kijani. Aliitandaza tepu juu ya meza. Namba ya kwanza iliyosomeka juu ya kikombe cha shaba ilikuwa arobaini.

Kisha akafungua faili. Lilikuwa la Namba Saba. Alitafuta mwaka, akatafuta mwezi, akasoma kimya, akaligeuza faili ili Fundi naye aone. Mlinzi wa shamba la majaribio aliandika kwa herufi kubwa, kama mtoto wa shule: yamepanda sentimita tisa.

"Namba Saba mkaidi," alisema Mwanafunzi. Akaanza kucheka kile kicheko chake, kikapasuka katikati, kikawa kilio. Fundi alizunguka meza akamshika kichwa, akamkumbatia tumboni mwake, kama vile yeye ndiye aliyekuja kutoa pole.

"Ungeweza kunyamaza, mama. Hakuna ambaye angejua."

"Ningeweza."

"Kwa nini basi?"

"Ni mwandiko wangu, mwanangu. Nikilifungua daftari nauona."

*

Kikao cha mamlaka kilifanyika kwenye ukumbi mrefu wenye meza ya umbo la kiatu cha farasi. Watu tisa walikaa mezani, wengine kwenye viti vya plastiki nyuma. Fundi alikaa nyuma. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu hadi kikao kilipokwisha kuanza, ndipo shemeji yake akaingia, akakikalia, akaweka kofia magotini, bila salamu.

Mwanafunzi alisimama akaeleza, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Alisema makala ya mwalimu wake ina kosa. Akasema na tasnifu yake mwenyewe ina kosa hilo hilo. Akaonyesha namba mbili ukutani, arobaini na nane, kisha nane, akaziacha hapo ili kila mtu azitazame. Alisema bonde halijirudishii maji kwa mvua moja. Kwa kipimo cha nane, litahitaji misimu sita mizuri kurudisha kinachopotea katika miaka mitatu, na visima kumi na kimoja vitavuta zaidi ya hapo.

Mhandisi mmoja aliegemea nyuma. "Kwa hiyo tumwamini marehemu yupi? Wa kwenye makala au wa kwenye kijitabu?"

"Wa kwenye kijitabu. Pale alikuwa hamwandikii mtu."

"Na daftari aliliandika nani?"

Mwanafunzi aligeuka kutazama viti vya nyuma. Fundi akainuka, kiti cha plastiki kikakwaruza sakafu.

"Mimi."

"Wewe una mafunzo gani, mama?"

"Kidato cha nne na cherehani."

Mtu alicheka upande wa dirisha. Mwenyekiti hakucheka. "Sasa tuambie, mama. Kama miezi hiyo ilikosewa, hii miaka mingine tuiamini vipi? Kwa nini tusiyatupe madaftari yote?"

Hapo ndipo Fundi alipotambua kwamba kuna kitu kikubwa zaidi ya makala kinachoweza kupotea. Akashika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake.

"Kabla ya tepu kukatika, hakukuwa na cha kutoa," alisema. "Ilipokatika, yeye alisoma kama ilivyo, mimi nikatoa. Vijitabu vyake vya miaka hiyo vipo, linganisheni, tofauti ni arobaini kila mwezi. Nilipokwenda kumuuguza mama yangu alitoa yeye. Mwandiko ni wake, mtauona. Niliporudi tulitoa wote wawili. Hiyo ni miezi thelathini na minane, nimeiandika yote kwenye karatasi ile. Ikaja tepu mpya, hakuna aliyetoa tena. Kosa lina siku lilipoanza na siku lilipoisha. Ongezeni arobaini kwenye miezi hiyo thelathini na minane, mtapata kile shimo lilichosema. Mengine yote yako kama lilivyosema lenyewe."

Mwenyekiti aliivuta karatasi ya kukatia mitindo, akaisoma mbele na nyuma. Akampa aliye kulia kwake. Ilizunguka meza yote taratibu, na kila aliyeipokea aliinama.

Walipotoka nje shemeji yake alivaa kofia.

"Umemaliza, shemeji?"

"Nimemaliza."

"Basi twende. Jua kali."

Walitembea hadi kona. Hapo shemeji alimshika kiwiko kumvusha barabara, na hakumwachia hata walipokwisha kuvuka.

Madaftari yalipokelewa yote, yamewekwa kwenye kabati la chuma la taasisi. Makala ile, kwa mtu anayeitafuta, siku hizi inatanguliwa na kurasa mbili za masahihisho. Bondeni vimechimbwa visima vitatu badala ya kumi na kimoja, na mji umewekewa mgao. Mtaani kwa Fundi maji hutoka Jumanne na Ijumaa, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne asubuhi.